Mwanafunzi wa Fizikia Ataketi Wapi?

Vijana wa Tarime na Serengeti hutuuliza kila tufikapo kwenye matawi: mtu akipenda fizikia, aweza kuisoma mpaka mwisho na kuifanya kazi yake katika Tanzania hii hii, bila kuhamia ng'ambo? Tunajibu kwamba aweza. Lakini njia ni nyembamba, na wanaowaficha vijana jambo hilo hawawasaidii.

Kabla ya 1961 kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada alifunga safari kwenda Makerere au Ulaya. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka ule kilifundisha sheria tu. Sayansi ilikuja 1965. Leo fizikia yasomwa Dar es Salaam na Dodoma pia. Darasa basi lipo. Kilicho adimu ni kiti cha mwalimu. Atakaye kufundisha chuo kikuu hana budi kufaulu sana shahada ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na nafasi zenyewe ni chache.

Mkumbukeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, akitengeneza aiskrimu, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, aliyekuja kutoka chuo cha Dar es Salaam, na 1969 wakachapisha pamoja habari ambayo wataalamu wa dunia wanaibishania hata sasa. Mpemba mwenyewe akawa ofisa wa wanyama pori. Hatusemi alipotea, wa Serengeti wanaijua thamani ya kazi ile, hasa ndovu wakiingia mashambani! Tunasema swali lake lilisikilizwa kwa sababu mwalimu wa chuo kikuu alifika shuleni.

Nasi tunavyo vya kuuliza. Machimbo ya North Mara, Nyamongo, yalianza kutoa dhahabu 2002, na kwa makubaliano ya 2020 Serikali ina hisa 16 kwa mia. Kupasua miamba na kufuatilia maji ya chini ya ardhi ni fizikia tupu.

Kwa hiyo tunadai chuo kikuu kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere, kule Butiama, kipewe walimu wa fizikia wa kutosha, na walimu hao wafike shule za Tarime na Mugumu kila mwaka. Ndugu wenyeviti wa matawi, wafikishieni wabunge dai hili kabla ya Bunge la bajeti.