Kimyanga Si Kimoja

Hoja iliyochapishwa kwamba kupambanua aina za virusi vya kimyanga (ugonjwa wa manjano wa mpunga) ni anasa ya maabara inampotosha mkulima wa mpunga, kuanzia mabonde yaliyo chini ya kata ya Maguu hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Eti jani likishageuka manjano, yatosha.

Haitoshi.

Kimyanga kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1966, karibu na Kisumu, Kenya. Baadaye wataalamu walitenganisha aina za S1 hadi S6. Nchini Tanzania zimepatikana S4, S5 na S6. Mpunga wa Gigante, wenye asili ya Msumbiji, hubeba jeni kinzani, lakini baadhi ya virusi hubadilika na kuishinda. Kwa hiyo sampuli za Nyasa zichunguzwe kwanza, ndipo mbegu igawiwe.