BUSTANI YA NYUMBANI
Ua Dogo la Mlangoni

Mwezi huu asumini yetu imechanua sana. Hufumbua tumba zake jua likisha kutua, na harufu yake yafika hata barazani. Mlangilangi nao una maua, ila mengi yangali mabichi, na ua la mlangilangi halinukii vema mpaka liwe la manjano. Hayo wafungao vikuba wayajua kuliko sisi.

Tulipendalo zaidi ni ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, aghalabu lenye jicho jekundu katikati, ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska. Humea mchangani, huchanua wakati wa kiangazi, wala halituchoshi kwa kuteka maji.

Lakini twawaomba akina mama na walimu watusikilize, kwa maana wako watu wachemshao majani yake wakayanywa kuwa dawa ya kisukari. Huko Jamaika nako walifanya hivyo. Majani yakapelekwa Kanada, na Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu kwa panya. Sukari haikushuka kama ilivyotazamiwa, bali chembe nyeupe za damu zilipungua mno. Kwa njia hiyo ikapatikana dawa ya vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958, ikafuatwa na vinkristini, itumiwayo hata sasa kutibu saratani ya damu ya watoto, na ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt wa Kampala aliueleza mwaka huo huo wa 1958.

Basi nguvu iuayo saratani imo katika majani hayo hayo yatiwayo sufuriani. Kupata gramu 1 ya vinblastini huhitajiwa majani makavu yapatayo kilo 500, na daktari huitia mshipani kwa kipimo, huku akiichungua damu ya mgonjwa. Jikoni kipimo ni konzi ya mkono! Mwenye kisukari na aende zahanati.

Ua lenyewe halimdhuru alitazamaye, nasi hatukuling'oa. Tumelipanda kando ya lango, mbali na mchaichai, kwa kuwa watoto wakitumwa magharibi kuchuma majani ya chai hawachagui sana.