"Sistimu iko chini": Tuulize ni nani anayefagia

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya umma hapa Mombasa. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka Lunga Lunga kwa matatu kufuatilia karatasi za mwanawe. Karani akamwambia, "Mama, sistimu iko chini. Rudi kesho." Kesho ni nauli nyingine.

Tangu serikali itangaze mwaka 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 ziko mtandaoni, faili za karatasi za kukimbilia zinazidi kupungua. Hifadhidata ikikwama, mwananchi naye amekwama.

Sababu ni nyingi, umeme na intaneti zikiwemo. Lakini kuna moja isiyosemwa: usafi. Chukua PostgreSQL, hifadhidata inayotumika kote duniani. Rekodi ikibadilishwa, nakala ya zamani haiondoki papo hapo. Hubaki ndani mpaka ije programu ya usafi inayofanya kazi chinichini. Programu hiyo hutumia diski ileile inayohudumia watu, na huduma inaweza kupungua kasi. Hapo mkubwa hupiga simu akifoka, na fundi huona rahisi kuizima.

Ni sawa na mwenye mkahawa kumfukuza mwosha vyombo asubuhi kwa kuwa anawapita wateja wakila mahamri na mbaazi. Kwa nusu saa, nafasi ni tele. Kisha sahani safi zinaisha, na mkahawa mzima unasimama.

Haya yameshatokea. Februari 2019, Mandrill, huduma ya Marekani ya kutuma barua pepe, ilisumbuka kwa karibu saa 40. Usafi ulikuwa umebaki nyuma katika sehemu moja ya hifadhidata zake za PostgreSQL, mpaka ikakataa kuandika chochote kipya.

Dawa ni kufagia kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa kawaida PostgreSQL husubiri nakala zilizokufa zifike takriban asilimia 20 ya jedwali. Jedwali la rekodi milioni 10 litangoja taka milioni 2, na kazi ije kwa kishindo. Fundi akiishusha hadi asilimia 1, usafi huanza kwenye taka kama 100,000. Anaweza pia kuipangia programu mapumziko mafupi kati ya vipande vya kazi, na kazi nzito akazisogeza usiku, ofisi zikiwa zimefungwa.

Hakuna muujiza hapo. Panahitajika fundi wa kudumu, si mkandarasi anayekabidhi mradi, akapigwa picha na akapotea. Wawakilishi wetu wanapopitisha bajeti za mitambo hii, waulize: fungu la matunzo liko wapi? Na ofisi zitutangazie mapema saa za matengenezo, kama tunavyotangaziwa kukatwa kwa umeme.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sasa, gharama ya ukuta huo inalipwa na yule mama, kwa nauli.