Nunua detekta ya mtumba, chanzo cha mionzi kiache huko huko

Kama umewahi kununua simu ya mtumba Luthuli Avenue, sheria unaijua: washa kwanza, lipa baadaye. Sasa kuna mtumba mwingine unaowavutia vijana wanaopenda elektroniki, na huu huwezi kuuwasha kabla ya kulipa. Nazungumzia detekta za eksirei: vifaa vidogo vilivyotolewa kwenye mashine za maabara na viwanda ng'ambo, vikauzwa mtandaoni kwa mamia ya dola badala ya maelfu.

Utauliza, kijana wa Kiwanjani na detekta ya eksirei wapi na wapi? Mimi naona hapa ndipo mahali pake hasa. Isiolo iko kwenye barabara ya Moyale. Dhahabu ya Marsabit hupita hapa, na yakuti ya Garba Tulla hutoka kaunti hii hii. Mchimbaji akishika jiwe lake, hajui ana nini. Broka ndiye anayemwambia. Na katika biashara yoyote, anayejua kilichomo ndiye anayepanga bei. Kijana anayeweza kusoma kilichomo ndani ya jiwe si mtu wa kuchekwa kwamba anacheza na takataka za Wazungu.

Kifaa chenyewe hufanya hivi. Ukipiga madini kwa eksirei, kila elementi hujibu kwa sauti yake. Ni kama unavyotambua matatu ya mtaa wenu kwa honi kabla hujaiona. Shaba hujibu kwa nishati ya keV 8.05. Dhahabu hujibu kwa 9.7 na 11.4. Kazi ya detekta ni kusikia majibu hayo na kuyatenganisha, kisha tarakilishi huchora vilima vyake kwenye skrini. Hapo unajua kama "dhahabu" uliyoletewa ina shaba kiasi gani, au kama "yakuti" ni kipande cha chupa chenye silikoni na kalsiamu.

Kwa hivyo ukitaka kununua, nunua. Lakini angalia pesa zako zisiende na maji.

Kwanza, jua aina. Detekta za zamani za silikoni na lithiamu hutaka nitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Ukiziwekea umeme wa volti nyingi zikiwa na joto, unaweza kuziua. Ndiyo, mitungi ya nitrojeni ipo hata kwetu, wanayo mafundi wa mifugo wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Lakini detekta ya aina hiyo hunywa karibu lita moja kwa siku. Hesabu mwenyewe kama hobi yako itaweza kulisha mdomo huo. Aina mpya zaidi hujipoza kwa umeme na hukaa kwenye kisanduku cha kutoshea kiganjani. Tafuta hizo.

Pili, uliza dirisha. Mbele ya detekta kuna utando wa beriliamu, mwembamba kuliko unywele. Ukipasuka, ombwe lililo ndani limekwisha, na detekta imebaki pambo la mezani. Usiuguse kwa kidole, usiupulize, na ukivunjika usichezee vipande, kwa sababu vumbi la beriliamu ni sumu kwa mapafu.

Tatu, dai picha ya spektra. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha kilima cha keV 5.9, kipimo ambacho watu wa fani hii hukitumia, na upana wa kilima hicho. Detekta nzuri ya kisasa hutoa upana wa eV 130 hadi 150 hivi. Akikujibu "haijajaribiwa, inauzwa kama ilivyo", elewa maana yake: huenda alishaijaribu.

Nne, usinunue detekta isiyo na wenzake. Bila kikuza mawimbi chake, umeme wake na kisanduku cha kuhesabu, umenunua injini bila gari. Na ushuru wa forodha uuweke kwenye bajeti mapema, usije ukalia mzigo ukishafika.

Sasa tuje kwa jambo lililonifanya niandike. Detekta ni sikio tu. Haitoi mionzi yoyote. Ili jiwe lijibu, lazima kuwe na mdomo wa kuliuliza, yaani mtungi wa eksirei au chanzo cha mionzi. Na kwenye mitumba hii, mara nyingine sikio na mdomo huuzwa pamoja. Mashine nyingi za zamani za kupimia madini zilitumia vipande vya chuma-55, kadimiamu-109 au amerisiamu-241. Chuma-55 hupungua kwa nusu kila miaka 2.7, kwa hivyo baada ya miaka kumi kimebaki chini ya asilimia 10. Lakini amerisiamu-241 huchukua miaka 432 kupungua kwa nusu. Mashine imezeeka, kilichomo ndani bado kibichi.

Usidhani hayo ni ya vitabuni. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu wawili walichukua kifaa kutoka kliniki iliyohamwa wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndani mlikuwa na unga wa sisiamu-137 uliong'aa buluu gizani, na watu wakagawana kwa furaha. Wanne walikufa, na 249 wakapatikana na uchafu wa mionzi. Mwaka 2010 huko Mayapuri, Delhi, chuo kikuu kilipiga mnada mashine iliyokaa miaka mingi bila kutumiwa. Wauza vyuma wakaikata, kobalti-60 ikatoka, mmoja wao akafa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa watu wa jua kali kama sisi, wakitafuta riziki.

Kenya tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, ndiyo inayotoa leseni za vyanzo vya mionzi na mashine za eksirei. Bedsita ya Kiwanjani yenye jirani mwenye mtoto mchanga nyuma ya ukuta si maabara. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: nunua sikio, mdomo uuache. Ukiona alama ya mionzi kwenye kisanduku, usifungue, usiuze, usitupe. Waite KNRA. Na wale wanaokushauri upasue kifaa cha kugundua moshi upate amerisiamu, waambie waanze na cha kwao.

Najua utasema, sasa sikio bila mdomo ni la nini? Swali ni la haki. Peke yake halitapima dhahabu. Lakini unaweza kuanza na vitu vya asili: diodi ndogo ya mwanga aina ya BPW34, ya bei nafuu sana, ikifungwa ndani ya mkebe usiopitisha mwanga na kuunganishwa na kikuza mawimbi, huhesabu mionzi ya mbolea ya potasiamu. CERN walitoa michoro ya kifaa cha namna hiyo bure kwa ajili ya wanafunzi. Ukishajifunza kutenganisha mlio na kelele, unakuwa mtu wa kusikilizwa.

Hatua inayofuata si ya mtu mmoja. Ungeni klabu, mshikane na chuo cha ufundi, chuo kiombe leseni, mashine ikae kwenye chumba chenye kufuli na mtu aliyefunzwa. Vyuo vikuu vyetu navyo, badala ya kuacha vifaa vya zamani vioze stoo au kuvipiga mnada kiholela, viondoe vyanzo kwa utaratibu wa sheria kisha viwape vijana masikio yaliyobaki.

Na siku klabu yenu itakapompimia mchimbaji kipande chake, mwambieni ukweli wote. Eksirei huona ngozi ya dhahabu tu, mikromita chache. Tangsteni ina uzito karibu sawa na dhahabu, na ikipakwa dhahabu nene huwadanganya mizani na detekta pia. Mkishapima juu, kateni muone ndani, ndipo mtaje bei.