Kobalti yetu inaondoka kwa mazutu: mpaka lini?



Kila siku makamyo yenye shaba na kobalti yanatoka Kolwezi na Likasi, yanapita Lubumbashi, yanafika Kasumbalesa. Pale yanapanga foleni. Yakisha kuvuka, yanakata Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam ao ya Durban. Huko inje, kobalti hiyo inaingia ndani ya betri za motokari za umeme. Lakini kamyo inayoibeba inakunywa mazutu, tena mazutu yenyewe tunaagiza inje.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Sisi tunabakia na moshi.

Mwezi wa ine 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza pamoja betri na motokari za umeme. Hotuba zilikuwa tamu. Leo, simama kandokando ya barabara ya Kasumbalesa: utaona vumbi, na mashofere wanaolala chini ya kamyo wakingojea karatasi za duwane.

Kuna wenye kusema kamyo ya umeme haiwezekani kwetu. Tuseme kweli: kufika Durban, karibu kilometa elfu tatu, si jambo la kesho. Lakini Lubumbashi na Kasumbalesa ni kama kilometa 90 tu. Kamyo nzito za umeme zinazotembea leo zinapita kilometa 200 kwa chaji moja. Kule China, zingine zinabadilisha betri nzima kwa dakika chache, kisha zinaendelea na safari. Na kwenye foleni, ambako kamyo ya mazutu inawaka na kuzima siku nzima, ile ya umeme ikisimama haichomi kitu.

Shida yetu ni umeme wenyewe. Tangu miaka ya 1980, laini ya Inga–Kolwezi, zaidi ya kilometa 1.700, inaleta umeme kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kibatari. Lubumbashi nayo, delestaji tunaijua sote. Kama watajenga kituo cha kuchaji makamyo, na kartye iliyo pembeni inabakia gizani, itakuwa hadithi ileile: mali inapita, mwenyeji anaangalia.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali itangaze wazi kazi gani imefanyika tangu mapatano ya 2022, na makuta gani yametumika.

2. Jaribio lianze kwa njia ya Lubumbashi–Kasumbalesa, na mashofere wakae kwenye meza tangu siku ya kwanza. Wao ndio wanaojua barabara, na kazi yao ndiyo itakayoguswa.

3. Kila kituo cha kuchaji kije na umeme mupya, na kartye inayokizunguka ipate sehemu yake. Kisichukue ule kidogo tulio nao.

4. Mafundi wetu wa Likasi na Lubumbashi wafundishwe kutengeneza kamyo hizo, ili tusingojee fundi kutoka inje kila mara betri ikiharibika.

Hatukatai maendeleo. Tunakataa yapite mbele ya mlango wetu bila kuingia. Wewe shofere, wewe fundi, wewe mama unayeuza pale mupakani: dai hili ni lako pia. Uliza kiongozi wako, na usikubali jibu la «tutaona».