Mama, Usitoke Zahanati Bila Karatasi ya Mtoto

Kijana mmoja mvuvi wa Mbwajumali alikuja kwangu na ngiri iliyokuwa imemsumbua mwaka mzima. Upasuaji wake si mgumu. Kilichomkwamisha ni kwamba hana kitambulisho cha taifa, na kwa hivyo alishindwa kujiandikisha katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Daktari, nilizaliwa nyumbani. Hakuna aliyeniandikisha."

Mimi si wakili, lakini ugonjwa huu wa kukosa karatasi nauona kila mara. Yafaa wasomaji wajue kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 14, yasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya siku ile aliyozaliwa, hata kama alizaliwa nje ya nchi. Mzazi mmoja anatosha. Hivyo kijana yule ni raia. Anachokosa ni ushahidi.

Kwa Wabajuni jambo hili lina uzito zaidi. Wana jamaa Kenya na Somalia, na wengi walihama vijiji vya bara wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960. Kwa muda mrefu vijana wao wamepigwa msasa kuliko wenzao wa kwingineko. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada katika kaunti za mpakani. Ni hatua njema. Hata hivyo, mwombaji bado hutakiwa kuonyesha alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani.

Maoni yangu ni kwamba dawa ya tatizo hili yaanzia kwetu sisi wahudumu wa afya. Mtoto hapewi ruhusa ya kwenda nyumbani kabla ya kupata matone ya polio na chanjo ya kifua kikuu. Kwa nini basi tumwache aende bila taarifa ya kuzaliwa, ambayo ndiyo huzaa cheti? Kuijaza si kazi ya karani peke yake. Ni sehemu ya matibabu ya mtoto mchanga.

Akina mama wanaojifungulia nyumbani nao wasikae kimya. Mkunga na baba waende kwa naibu wa chifu mapema, maana baada ya miezi sita usajili huhesabiwa kuwa umechelewa, na masharti huongezeka. Waliokwisha kuchelewa wasikate tamaa, kwani usajili wa kuchelewa upo kisheria.

Na mgonjwa wa dharura asiogope kuja hospitali kwa sababu hana kitambulisho. Kifungu cha 43 cha Katiba chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ngiri ya kijana yule ingekuwa imeshonwa zamani, lau mtu angechukua kalamu siku aliyozaliwa.