Mwanamke wa Ihanda ataingiaje kwenye bodi ya kahawa?

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakihesabu wanawake walioko katika bodi za makampuni na kulinganisha hesabu hiyo na faida. Swali lao ni jepesi kuuliza: je, kampuni yenye wanawake mezani inafanya vizuri kuliko ile ya wanaume watupu? Jibu limekuwa gumu kupatikana. Mkulima wa kahawa wa Ihanda, wilayani Karagwe, anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya wenye hisa wa Oslo na London. Hata hivyo, naye anayo bodi, na mapato yake ya mwaka mzima yamo mikononi mwa bodi hiyo.

Bodi yenyewe ni ya chama cha msingi cha ushirika, maarufu kwa jina la AMCOS. Tangu Serikali ilipoelekeza mwaka 2018 kwamba kahawa ya Kagera ipitie kwenye ushirika, wajumbe wa bodi za vyama hivyo ndio wanaosimamia mzani, ghala, makato na malipo. Juu yao kipo chama kikuu cha Karagwe, KDCU, ambacho wanachama wake wametapakaa pia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Aidha, Septemba 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani. Bei inapopanda, uzembe wa bodi nao unakuwa na gharama kubwa zaidi.

Tuhuma kwamba bodi za ushirika zinakula fedha za wakulima ni za siku nyingi na si lengo la makala haya. Linalojadiliwa hapa ni nani anaruhusiwa kukaa kwenye bodi hizo.

Kuhusu faida, ushahidi wa kitaalamu ni wa kunyamazisha pande zote mbili. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba makampuni makubwa ya umma yawe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, na ilipofika 2008 makampuni yakawa yametii, ingawa baadhi yalibadili aina ya usajili ili yaikwepe sheria. Watafiti Ahern na Dittmar waliandika mwaka 2012 kwamba thamani ya makampuni yaliyolazimishwa ilishuka, kwa kuwa wajumbe wapya walikuwa vijana zaidi na wenye uzoefu mdogo. Miaka mitatu baadaye Post na Byron walikusanya tafiti 140 na kukuta kwamba uhusiano wa wanawake na faida ya vitabuni upo lakini ni mdogo, na kwenye bei ya hisa karibu haupo kabisa. Kwa hiyo anayewaambia wakulima wa Karagwe kwamba mwanamke akiingia bodi bei itapanda, anawadanganya. Bei ya robusta haiijui jinsia ya mwenyekiti.

Utafiti unaofaa zaidi kwa Ihanda haukufanywa kwenye makampuni, bali vijijini India. Huko katiba ilirekebishwa mwaka 1993 na theluthi ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji zikatengwa kwa wanawake. Chattopadhyay na Duflo walionyesha mwaka 2004 kwamba vijiji vilivyopewa mkuu mwanamke vilitumia fedha nyingi zaidi kwenye maji ya kunywa, kero ambayo wanawake wenyewe walikuwa wakiilalamikia. Fedha za baraza hazikuongezeka, ila zilipelekwa kwingine.

Hapo ndipo mambo ya Karagwe yanapoingia. Kila mtu Kagera anaijua butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule, msiba au kiu ya pombe anaiuza kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mnunuzi anakuja kuchukua chake. Katika kaya nyingi anayeuza ni baba. Anayepalilia, anayechuma na anayeanika ni mama, ambaye mara nyingine hugundua akiwa tayari ana ndoo mkononi kwamba kahawa anayoichuma ililiwa miezi mingi iliyopita. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, na ingali ipo. Bodi ambayo wajumbe wake wote ni watu wa upande wa kuuza, itakuwa na haraka gani ya kuianzishia chama mfuko mdogo wa mikopo ya miezi ya njaa, au ya kuuliza malipo yanaingia kwenye simu ya nani?

Pamoja na hayo, kudai viti vya bodi peke yake ni kuanzia paa kabla ya msingi. Bodi huchaguliwa na wanachama kutoka miongoni mwao. Uanachama unaandamana na kahawa, kahawa iko kibanjani, na kibanja kwa mila ni cha mwanamume na ukoo wake. Mwanamke asiye na jina kwenye daftari hapigi kura wala hapigiwi. Wanaoonekana humo, kwa sehemu kubwa, ni wajane.

Sheria haiwezi kulaumiwa sana. Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory iliyotoka huku huku Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, tena ikaagiza baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Inafurahisha kwamba miaka 7 baadaye watafiti Kramer, Konrad na Erkut, baada ya kuwahoji wanawake 50 waliokalia bodi kubwa, walifikia namba hiyo hiyo: mmoja anaonekana pambo, wawili wanafuatiliwa, watatu wanasikilizwa.

Njia fupi ipo, nayo haihitaji kugawa kibanja. Huko Kericho, nchini Kenya, wanaume wa ushirika wa Kabng'etuny waliwakabidhi wake zao sehemu ya miti ya kahawa, na kwa miti hiyo wanawake wakapata sifa ya kuwa wanachama. Kasese, Uganda, ng'ambo ya mpaka, ushirika wa Bukonzo Joint ulianza kwa kuwakalisha mume na mke wachore kwa picha nani anafanya kazi gani nyumbani na nani anashika fedha. Leo wanachama wake wengi ni wanawake.

Wapo watakaosema kuwa vitabu viwili ndani ya nyumba moja vitaleta ugomvi. Huenda, lakini butura nayo haijawahi kuleta amani. Wengine watasema mke atapiga kura anayoagizwa na mumewe, na hilo litatokea kwa baadhi, hasa mwanzoni. Pingamizi lenye uzito ni la fedha: kiingilio na hisa ya pili ni mzigo kwa kaya yenye miti michache. Chama kinaweza kuzikata kidogo kidogo kwenye kahawa ya mwanachama mpya badala ya kuzidai taslimu.

Mafunzo ya uongozi kwa wanawake, kama yale yanayoendeshwa na Chama cha Waajiri Tanzania kwa kushirikiana na waajiri wa Norway, yanawasaidia mameneja wa mijini ambao tayari wamo ndani ya jengo. Kwa Ihanda mkutano mkuu mmoja wa wanachama unatosha kuanzia. Ukubali miti itajwe kwa jina la mke na daftari lifunguliwe kabla kahawa haijatoa maua, maana wanunuzi wa butura nao huanza kupita vijijini wakati huo.